Sarna na Theluji ya Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake haina fumbo: anayemtegea mwenzake ubaya huweza kunaswa na mtego uleule, tena pamoja na kile akipendacho kuliko vyote. Asiyesadiki na apande Yavorovo, kijiji chetu cha milimani huku Bulgaria, aulize habari za gari lililoitwa Sarna.

Hata wapenzi wa mbio za magari hawalijui. Lilibuniwa na Valko Dermendzhiev, fundi mkuu wa karakana ya matrekta ya ushirika, mtu mkaidi kama nyumbu lakini fundi wa kupigiwa mfano. Injini aliitoa kwenye kigari kibovu cha kusambazia mikate, akaifunga nyuma. Bodi aliifua kwa bati la matangi ya maziwa yaliyotupwa. Sarna la kwanza liliungua siku ya majaribio, na la pili lilichinjwa ili la tatu lipate vipuri. Hilo la tatu lilipanda milima yetu kama paa, na kwa lugha yetu sarna ni paa. Watu wa mjini walilicheka, wakasema ukilikamua litatoa maziwa.

Mwaka 1979 kamati ya viwanda ikatoa neno lake. Sarna likiyashinda magari yote yaliyoundwa nchini katika mbio za Februari, karakana itaruhusiwa kuunda mengine hamsini. Likishindwa, mradi utafungwa. Valko alikuwa amelitolea gari lile ujana wake wote, hivyo usingizi ukampaa. Dereva alikuwa Rumyana, bintiye wa pekee, na kando yake aliketi binamu yake Zlatka, wa kumsomea maelezo ya barabara waliyoyaandika asubuhi ya siku ya mbio.

Hadi kufikia mkondo wa mwisho, Sarna lilikuwa nyuma ya gari la Ognyan Tashev, dereva wa mji wa Plovdiv, kwa sekunde nne tu. Ognyan alikuwa kijana mpole, lakini kijijini kwetu jina lake lilitajwa kama la mwizi wa kondoo. Mkondo huo ulishuka kupitia Yavorovo. Wakati wa mapumziko Valko alimnong'oneza bintiye asihofu, kwani wanakijiji wangempa msaada kidogo kwenye kona ya chemchemi. Rumyana akaelewa mara moja. Watu wa milimani tuna desturi hiyo mbaya ya kumwaga theluji barabarani mbele ya dereva tusiyempenda.

"Baba, usithubutu," alisema. "Nataka nimshinde kwa gari lako, si kwa beleshi lako."

"Wewe endesha, mwanangu. Ya wazee waachie wazee."

"Niapie kwanza."

Valko akaapa, lakini kiapo chenyewe kilikuwa cha midomoni tu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Magari yaliachiwa moja moja, kwa kupishana dakika kadhaa, na aliyeongoza ndiye aliyetangulia. Ognyan angepita kwanza, ateleze, apoteze sekunde zake, kisha mafagio yasafishe lami kabla Rumyana hajafika. Kati ya wanakijiji waliokusanyika konani na mabeleshi, mjane Kera, jirani yake, ndiye pekee aliyenung'unika. Alimuuliza kama kweli roho yake imetulia.

"Kera, kama mikono inakuganda, nenda kapike maharage," Valko alimjibu, na watu wakacheka.

Basi wakamwaga. Lami iliyokuwa imekaushwa na jua la mchana ikawa nyeupe nyuma ya ukuta wa mawe, mahali ambapo dereva haoni kitu mpaka ameshaingia. Wasilolijua ni kwamba kule juu msituni gurudumu la Ognyan lilikuwa limepasuka. Alisogea kando kulibadilisha, na Sarna likampita.

Mlio wa injini ukasikika. Watu wakajiandaa kwa kicheko, isipokuwa Valko. Sauti ile aliijua kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe.

"Ni Sarna," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akanyakua fagio, akarukia barabarani, akafagia kama mwendawazimu.

Ndani ya gari Zlatka alisoma: kona ya kushoto, kavu, usipunguze. Rumyana hakupunguza. Aliyaamini maelezo, na zaidi ya hayo alikiamini kiapo cha baba yake. Alipomwona mzee mbele yake na fagio, alikata usukani kumkwepa. Gari likateleza, likagonga jiwe la chemchemi, likapinduka. Zlatka alitambaa akatoka na michubuko, lakini mguu wa Rumyana ulinaswa chini ya usukani huku petroli ikichuruzika.

Wanakijiji wakapigwa na bumbuwazi. Ndipo gari la Ognyan likatokea, likashuka polepole, likasimama. Akatoka mbio na mtaimbo, akapinda bati, akamvuta Rumyana nje. Zile sekunde alizozipigania siku nzima zilikuwa zinapita, naye hakuziangalia hata kidogo.

Rumyana alilazwa kando ya barabara. Akaitazama ile theluji, kisha akamtazama baba yake.

"Uliniapia," alisema.

Valko akavua kofia. Machozi yakimtiririka, akamgeukia Ognyan. "Theluji hii ilikuwa yako, kijana. Mimi ndiye niliyeimwaga."

"Najua, mzee," Ognyan akajibu bila hasira. "Hapa kwenu mnanimwagia kila mwaka. Ndiyo maana kila mwaka nikifika kona hii napunguza mwendo."

Valko akaketi chini palepale.

Mguu wa Rumyana uliunga, ingawa hakushindana tena. Kamati iliufunga mradi, na mabaki ya Sarna yakapelekwa kuyeyushwa. Mimi simlaani mzee yule, kwa kuwa alichokipenda alikipenda kwa dhati, na adhabu yake aliibeba hadi kaburini. Lakini kweli haifichiki: mchimba kisima huingia mwenyewe, na Valko, maskini, alitangulia kumtumbukiza mwanawe.