Mhanga Aliyekataa Kugeuza Kaburi la Mama Yake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa pande zote nne!

Nyie wa huko nyuma hamjaitika. Mimi sisimulii viziwi. Pakawa wapi?

Pakawa pande zote nne!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, kale hasa, kuku hajajua banda ni nini, wanyama wa Bonde la Mkalamo waliishi pamoja. Walikula pamoja, wakacheza ngoma pamoja. Lakini kwenye kufa, kila mmoja alikuwa na upande wake.

Kanga waliwalaza maiti wao uso mashariki. Walisema kesho hutokea huko. Nyani waliwalaza wao uso kaskazini, kwenye mlima wenye kichwa cheupe, kwa kuwa walisema Mungu hupumzika kule juu. Korongo walitazama kusini, walikotoka mababu zao.

Na ukoo wa Mhanga ulitazama magharibi.

Mhanga mnamjua? Yule mwenye masikio ya punda na kucha za kuchimbia. Huyu wa kwetu alikuwa mama mtu mzima, mchimba makaburi wa bonde zima. Ukimwambia mashariki, anachimba mashariki. Ukimwambia kusini, anachimba kusini. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Kila mtu na kwao."

Basi siku moja Jogoo akaenda barazani kwa Nyati, mfalme wa bonde.

"Mfalme," akasema, "unajua ni nani huliamsha jua?"

"Nani?"

"Mimi! Nikiwika, linatoka. Umewahi kuniona nikikosea?"

Nyati akafikiri. Kweli, hajawahi. Mnacheka? Mngekuwa nyinyi mngefikiri kama yeye.

"Basi mashariki ndio upande wenye baraka," Jogoo akasema. "Hizo pande nyingine tatu ni nuksi tupu. Ndiyo maana mwaka huu mvua imechelewa."

Nyati akatoa amri. Maiti wote wa bonde walazwe uso mashariki. Wa zamani nao wafukuliwe wageuzwe, na atakayewafukua ni Mhanga. Mwenye kukataa, maiti wake hazikwi. Atapewa fisi.

Nyani wakanung'unika. Korongo wakalia. Lakini waliinamisha vichwa wote, wakasema mkono usioweza kuukata, ubusu.

Wiki hiyo hiyo mama yake Mhanga, ambaye alikuwa mgonjwa siku nyingi, akamwita bintiye kitandani.

"Mwanangu, nikifa nilaze uso magharibi. Jua likichoka huenda huko, na mimi nimechoka. Baba yako yuko huko ananingoja. Usikubali wanigeuze shingo."

"Hawatakugeuza, mama."

Akakata roho.

Mhanga akalia mpaka masikio yakalowa. Kisha akachimba kaburi, uso magharibi, akakaa mlangoni pake.

Akaja Kima, tarishi wa mfalme. "Geuza kaburi!"

"Sigeuzi!"

Akaja Ngiri na pembe zake. "Geuza kaburi!"

"Sigeuzi! Rudi ukamwambie aliyekutuma!"

Kulipopambazuka akaja Nyati mwenyewe, Jogoo kamkalia mgongoni, na bonde zima nyuma yao. Ardhi ilitetemeka. Mhanga naye alitetemeka, msidhani hakuogopa. Lakini hakusogea. Akaimba, nanyi imbeni naye:

*Sigeuzi, sigeuzi,*
*Mama analala kwao;*
*Mwenye hamu na shingo*
*Aanze na yake!*

"Unajua unasema na nani?" Nyati akanguruma.

"Najua. Nasema na anayetaka mama yangu atazame mashariki milele. Wewe uliye mzima, mfalme, tazama mashariki siku moja tu! Wewe na Jogoo wako. Simameni hapa mpaka jua lizame, msigeuke hata mara moja. Mkiweza, nitamgeuza mama, na makaburi yote nitayafukua kwa kucha zangu hizi."

"Na nikigeuka?"

"Ukigeuka, uniache nimzike mama yangu. Na kila mtu alale anakotaka."

Nyati akacheka. "Siku moja? Mchezo wa watoto huo!"

Watu wakamnong'oneza Mhanga, "Umejimaliza, mwenzetu." Lakini nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya nyati, na kila jioni alisikia jambo fulani. Jambo gani? Ngojeni, mna haraka ya nini?

Wakasimama. Asubuhi ilikuwa nzuri, jua usoni, Jogoo kifua mbele.

Saa sita upepo ukavuma kutoka kusini. Huko Kanga walikuwa wakipepeta mtama, na harufu ikaja yote. Jogoo akameza mate. Akavumilia. Shingo ikaanza kwenda yenyewe, kidogo, kidogo, kwap! Ikageuka.

"Jogoo kageuka!" wakapiga kelele.

"Nilikuwa najikuna!"

"Mimi bado," Nyati akasema kwa hasira. "Mfalme ni mimi, siyo yeye."

Alasiri kiu ikamshika. Kaskazini mto ulikuwa ukiporomoka juu ya mawe, maji baridi ya mlimani. Ulimi ukamtoka nje. Nyati hakugeuka. Ee, alikuwa dume kweli, tusimpunje. Mhanga akamwangalia mama yake aliyelazwa kando ya kaburi.

Jua likateremka mpaka likagusa miti. Ndipo kundi la nyati likaanza kurudi kutoka malishoni, upande wa magharibi. Nyuma kabisa alikuja mama yake mfalme, kikongwe, jicho moja halioni. Yeye alikuwa na desturi yake. Haingii nyumbani mpaka amwite mwanawe, na mwanawe amgeukie na kumwitikia. Asipoitikiwa husimama palepale, hata mvua imnyee.

"Mwanangu!" akaita.

Nyati akakaza shingo.

"Mwanangu, uko wapi?"

Nyati akauma meno. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mwanangu, mbona huniitikii? Nimekukosea nini?"

"Labeka, mama! Niko hapa!" Nyati akageuka mwili mzima, kichwa na pembe, jua la magharibi likamjaa usoni.

Hata Ngiri alishusha pembe.

Mhanga akasogea. Hakucheka, hakushangilia. "Mfalme, chakula hakikukugeuza, wala maji. Umegeukia unakoitwa. Mama yangu naye anaitwa."

Nyati akainama, akamsaidia Mhanga kumshusha mama yake kaburini, uso magharibi, jua nalo likizama. Watu walisema waliingia pamoja, yule bibi na jua.

Na Jogoo? Nyati alimwambia, "Wewe, kwa kuwa ulizitukana pande tatu, utaziomba radhi maisha yako yote." Jogoo akalikimbia bonde, akajificha uani kwa binadamu. Mpaka leo mtazameni, akishawika hageuzi shingo huku, akaigeuza kule? Anaomba radhi huyo. Na siku akichelewa kuwika, jua linatoka vilevile.

Fundisho sina haja ya kulifunga kwenye jani. Mwenye nguvu anaweza kukupa njia, lakini hawezi kukupa kwenu. Mkataa kwao mtumwa. Akija mtu kukugeuza shingo, mwambie aanze na yake.

Ngano yangu imezama na jua lake. Ikiwa tamu, igawaneni pande zote nne. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nitaelekea nayo kwetu.