Zimwi la Vidole

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Basi, paliondokea kijiji cha wafinyanzi. Mfinyanzi akishika udongo hainuki ovyo. Kwa hiyo kila mlango ulitobolewa tundu, kwa kipimo cha kidole cha Mzee Chengo, mleta unga. Kidole chenyewe kilipinda. Akikitia, komeo linafunguka na unga unaingia.

Siku moja likaja zimwi. Halikuwa na mdomo, wala tumbo, wala mke. Lilikuwa vidole mwili mzima.

Likafika kwa Nyamvula. Likatia kidole cha kwanza, tundu likakataa. Likatia cha pili, tundu likakataa. Likatia cha tatu, kimepinda vilevile kama cha Mzee Chengo. Komeo likafunguka.

"Karibu, Mzee," akasema Nyamvula, wala hakugeuka.

Zimwi likamgusa mikono. Mikono ikaacha chungu, ikaanza kufinyanga mazimwi.

Binti yake, Mbeyu, alikuwa nyumba ya pili kwa shangazi yake Kadzo. Akaona dirishani.

"Mama, inuka!"

"Mikono haitaki, mwanangu."

"Mama, acha udongo!"

"Mikono haitaki, mwanangu."

Udongo ukaisha. Basi Nyamvula akaanza kubandua kuta.

"Mama, nyumba!"

"Mikono haitaki, mwanangu."

Nyumba ikamwangukia. Yakatoka mazimwi mia, na kila moja lina kile kidole kilichopinda.

Mbeyu alilia sana, maskini. Angefanya nini? Akaziba tundu la mlango wa shangazi kwa udongo. Siku ya kwanza, njaa. Siku ya pili, njaa. Siku ya tatu mtoto wa shangazi hakuwa hata na nguvu ya kulia.

"Zibua," akasema shangazi.

"Likiingia zimwi, shangazi?"

"Na unga usipoingia?"

Mbeyu akazibua. Wakakaa wakitazama tundu.

Kidole kikaingia. Kimepinda. Komeo likafunguka.

Ukuchani kilikuwa na unga. Mzee Chengo!

Msimpigie Mbeyu makofi. Ile ilikuwa bahati tu. Kwa jirani nako kidole kiliingia saa ileile, na hakikuwa na unga.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Jueni hili, wajukuu zangu: panapopita riziki, adui naye hupita papo hapo, na hakuna aishiye kwa kuziba.