Hodi ya Tatu kwenye Jumba la Baraza

Hadithi, hadithi!

Ije, tumekaa!

Ije na nini?

Na uongo wa kuchekesha, na ukweli wa kwenda nao nyumbani!

Basi sogeeni. Mwanakheri, mpishe mwenzio kwenye mkeka. Machano, kohoa sasa hivi, usije ukakohoa kwenye utamu.

Hapo kale, kale ambayo kale yetu sisi ni mjukuu wake, wanyama walikuwa na serikali, na serikali ilikuwa na nyumba. Nyumba hiyo iliitwa Jumba la Baraza. Ilikuwa na mlango mkubwa mbele, mlango mdogo uani, na dirisha moja ubavuni la kuingiza upepo. Ndani alikaa Bi Ndovu, mkuu wa nchi, na kila mwenye shauri alilipeleka kwake. Mgeni akifika alipewa kigoda, akasogezewa ungo wa karanga atafune huku akingoja zamu yake.

Nchi hiyo ilikuwa na mila yake ya hodi. Mgeni hupiga hodi tatu. Akijibiwa karibu, huingia. Hodi ya tatu isipojibiwa, hugeuka akaenda zake, wala haweki kinyongo, na harudi mpaka kesho. Mila hiyo ilimshika kila mtu. Hata Bi Ndovu akitoka na kurudi alipiga hodi, maana bibi yake alimwambia Jumba la Baraza si la mkuu, ni la wote, na mtu hapiti kwenye nyumba ya wote kama anapita kwake.

Wote waliishika mila hiyo, isipokuwa mmoja. Mnamjua ni nani?

Tumbili. Naam. Tumbili hakupiga hodi hata kwa mama yake.

Siku moja Korongo alikuja na ujumbe kutoka nchi ya ng'ambo ya ziwa. Akakaribishwa, akapewa kigoda, akala karanga, na kwa uchovu wa safari akasinzia. Tumbili akapenya dirishani. Akazijaza karanga mashavuni, shavu hili likafura, shavu lile likafura. Kabla ya kutoka akamtazama Korongo, akaona manyoya ya mkia yamekaa vizuri mno. Akang'oa matatu, akajichomeka kichwani, akaenda zake.

Korongo aliamka mkia una pengo. Akasema kwa upole wa mjumbe kwamba nchini kwao hawana desturi ya kunyonyoa wageni, lakini kila nchi na mambo yake. Bi Ndovu aliona aibu mpaka masikio yakamwanguka.

Mgeni alipoondoka, Bi Ndovu akaita watu wake. Akasema, "Kuanzia leo nataka kikosi cha ulinzi. Kilinde nyumba hii, na kiwalinde wanaokuja kwenye nyumba hii. Mwizi asiingie."

Kifaru akafanywa mkuu wa kikosi, akasimama mlango wa mbele. Nungunungu akapewa mlango wa uani. Nyumbu wakaambiwa walizunguke jumba mchana kutwa, wakalizunguka kwa mstari mmoja, kila nyumbu akitazama mkia wa nyumbu aliye mbele yake.

Sasa, Kifaru alikuwa mtu mwaminifu. Hakuwa mvivu, hakuwa mlaji. Lakini macho yake hayakufika mbali. Akakaa akawaza. Mwizi na mgeni wote wana miguu, wote wana pua. Nikimkaribisha mtu, kisha akatokea kuwa mwizi, nitaulizwa mimi. Nisipomkaribisha mtu, nitaulizwa nini?

Akamwambia Nungunungu, "Ndugu yangu, dawa ni moja. Hodi ikipigwa, tunyamaze."

Nungunungu akasema, "Hata ya tatu?"

"Hasa ya tatu."

Wakanyamaza.

Wanyama wakaja na mashauri yao. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Wakageuka wakaenda zao bila kinyongo, kama mila inavyotaka. Bi Ndovu ndani akaona nyumba imetulia. Akasema ama kweli kikosi kimeleta amani, siku hizi hata wagomvi wamekwisha.

Ila karanga zilizidi kupungua. Maana Tumbili hakuwa na haja ya kukaribishwa. Alikaa mtini akawatazama nyumbu. Mkia wa mwisho ukipita, hop, yuko dirishani. Bi Ndovu alipouliza habari za karanga, Kifaru akaapa kwamba hakuna kiumbe aliyepita mlangoni. Na alisema kweli. Wakaongeza nyumbu.

Sikilizeni sasa.

Katika nchi hiyo alikuwepo Bi Digidigi, mjane, mdogo wa umbo, mwenye mtoto mmoja ambaye miguu yake ilikuwa bado inatetemeka akisimama. Wawili hao walikaa kwenye kichaka chao. Siku moja walikwenda kulamba chumvi, na waliporudi wakamkuta Ngiri na watoto wake katikati ya kichaka, yeye amelala, meno nje, anakoroma.

Bi Digidigi akamwomba atoke. Ngiri akasema yeye alikuta hakuna mtu, na kama mama ana neno, Jumba la Baraza liko wazi kwa wote, aende akasemee huko.

Na hapo ndipo penye uzito. Sheria ya ardhi ya nchi ile ilikuwa hivi: pale mvua ya kwanza itakapokunyeshea, ndipo pako mpaka mvua za mwaka mwingine. Kama shauri halijaamuliwa kabla ya tone la kwanza, limekufa. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Mtoto wa Digidigi alikuwa analala mahali peupe, na Tai alishamwona. Kila asubuhi Tai alizunguka chini kidogo kuliko jana.

Bi Digidigi akamficha mtoto kwenye nyasi fupi, akakimbia mpaka Jumba la Baraza, mlango wa mbele.

"Hodi."

Kifaru kimya.

"Hodi, baba."

Kimya.

"Hodi, nina mtoto."

Kifaru akageuza uso pembeni. Bi Digidigi akageuka akarudi.

Kesho yake mawingu yalikuwa meusi zaidi. Akaja tena, akazunguka uani. Akapiga hodi tatu. Nungunungu alimsikia vizuri, na moyo ukamwuma, maana naye ana watoto. Lakini amri ni amri. Akajikunja, miiba ikalia chakacha, chakacha, na hilo ndilo jibu pekee alilopewa Bi Digidigi. Akarudi.

Siku iliyofuata Tai alikuwa ametua kabisa, yuko juu ya jiwe, anasafisha kucha kama mtu anayejiandaa kwa karamu. Bi Digidigi akamwongoza mtoto kwa kumsukumasukuma kwa pua, wakajikokota wote wawili mpaka barazani. Jua lilichoma kati ya mawingu mazito, upepo umesimama.

Joto hilohilo lilimtoa Bi Ndovu. Siku nyingi hakuwa ametoka, lakini siku hiyo akasema ngoja nikajipake tope mtoni. Akatoka, akaoga, akarudi amepakaa tope kuanzia masikio hadi mkia. Akafika mlangoni kwake, akafanya kama bibi yake alivyomfundisha.

"Hodi."

Kifaru akaona kilima cheusi kimesimama mbele yake. Sauti aliijua. Akajisemea moyoni, huyu ananijaribu. Akafunga mdomo.

"Hodi. Kifaru, ni mimi."

Kifaru akazidi kufurahi. Mtihani wenyewe ndio huu. Akatazama mbele, kifua nje.

Bi Ndovu akashusha pumzi. "Hodi ya tatu, mwanangu."

Kimya.

Mnacheka? Hata nyumbu walisimama, na wa nyuma wakagonga mikia ya wa mbele.

Bi Ndovu angeweza kuusukuma mlango kwa goti moja. Angeweza kuubeba mlango na Kifaru wake. Lakini alisimama akafikiri. Nikiivunja mila hii mimi, kesho nani ataishika? Akageuka, akatafuta pa kukaa, na hapo kwenye kivuli chembamba cha ukuta akamwona Bi Digidigi na mtoto wake.

"Shikamoo, bibi," akasema Bi Digidigi.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umepiga hodi?"

"Leo nilikuwa nakusanya pumzi kwanza. Jana nilipiga, na juzi nilipiga."

"Hukujibiwa?"

"Hapana, bibi. Nilidhani hunitaki."

Bi Ndovu akainama. Mkonga wake uliogusa miti mikubwa ukamgusa yule mtoto kichwani. Ndipo alipojua nyumba yake ilikuwa imetulia kwa sababu gani.

Akakaa chini, tope na yote, akasema shauri litasikilizwa hapohapo nje. Bi Digidigi akaeleza. Nyumbu, waliokuwa wamechoka kuzunguka, wakatumwa mbio kumwita Ngiri. Ngiri akaja, akaulizwa. Akasema shimo lake lilibomoka, watoto wake walikuwa na vumbi puani, naye aliona kichaka kitupu. Hakusema uongo. Alisahau tu kwamba kitanda kitupu bado kina mwenyewe.

Bi Ndovu akaamua kichaka kirudi kwa Bi Digidigi, na nyumbu wenye kwato zisizo na kazi wakamchimbie Ngiri shimo jipya. Ngiri akapiga magoti mawili ya mbele, akamwomba Bi Digidigi radhi. Magoti yakazoea. Hadi leo ngiri akila, hupiga magoti.

Bi Digidigi akasamehe, akamsukuma mtoto wake, wakaondoka mbio kwenda nyumbani. Tai akawafuata kwa macho, kisha akaruka kwenda kutafuta chakula kingine, kwani naye ana njaa yake.

Bi Ndovu alikuwa anainuka akasikia mlio ndani ya nyumba. Kata, kata, kata. Akatazama juu. Tumbili alikuwa anatoka dirishani taratibu, manyoya ya Korongo kichwani, mashavu yamefura kama vibuyu viwili.

Nungunungu, aliyekuwa amekuja kutoka uani kusikiliza shauri, akainua miiba. Kifaru akainamisha pembe. Bi Ndovu akawazuia.

"Kifaru," akasema, "mwamkie mgeni."

"Nimwamkie, bibi?"

"Kama ulivyofundishwa na mama yako."

Kifaru akakohoa. Ulikuwa muda mrefu hajamwamkia mtu. "Hujambo, bwana?"

Tumbili akatikisa kichwa, mdomo umefungwa.

Nungunungu akasogea. "Habari za utokako?"

Tumbili akainua mikono, akatabasamu bila kufungua meno. Macho yakaanza kumtoka.

Bi Ndovu mwenyewe akainama, akasema kwa upole, "Mama hajambo?"

Jamani, mtu akikuulizia mama yako utanyamaza? Tumbili akafungua kinywa aseme hajambo, na karanga zikamwagika, paraparapara, zikamgonga Kifaru kwenye pua, zikatapakaa mpaka kwato za nyumbu.

Kifaru akazitazama karanga. Kisha akapiga goti. "Bibi, kosa ni langu. Nilidhani mlango uliofungwa ndio ulinzi."

Bi Ndovu akasema, "Inuka. Nilikuambia nani asiingie, sikukuambia nani aingie. Nusu ya kosa naichukua mimi."

Kikosi hakikuvunjwa. Kilifundishwa upya. Hodi ikipigwa, mlinzi ajibu karibu, ampokee mgeni mzigo, aulize habari, angoje majibu. Kifaru akapewa ndege shashi akae mgongoni mwake, amwambie anayekuja ni nani, na mpaka leo ndege huyo yuko mgongoni. Nungunungu akaambiwa miiba ilale mpaka itakapohitajika. Nyumbu wawili wakawekwa chini ya dirisha, na wakakatazwa kutazama mikia.

Na Tumbili? Wengine walitaka afukuzwe. Bi Ndovu akasema mwenye kujua njia zote za kuingia si mtu wa kumpeleka mbali. Manyoya yakarudishwa kwa Korongo, na Tumbili akapewa kazi ya kuwagawia wageni karanga. Ila kwa sharti moja, kila akishika ungo, aimbe. Akiimba, mdomo uko wazi. Mdomo ukiwa wazi, mashavu hayajai. Basi ndiyo maana hadi leo tumbili hanyamazi.

Jioni hiyo mvua ya kwanza ilinyesha. Ilimkuta Bi Digidigi kichakani kwake, mtoto amelala chini ya tumbo lake, mkavu kabisa.

Hadithi hii inatufundisha kwamba mlinzi mwema hajulikani kwa aliowazuia, bali kwa waliofika salama mbele ya yule waliyemwendea. Anayebisha hodi, mjibu. Mwizi hakuhitaji umfungulie. Na wewe uliyemweka mlinzi mlangoni, toka nje siku moja, upige hodi kwako.

Hadithi imefika kizingitini. Aliyeiona tamu aibebe ampelekee jirani. Aliyeiona chungu aiache hapahapa mkekani, nitaikung'uta asubuhi.

Hodi?

Karibu!