Mlango Usio na Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Hiyo pakawa mmeijibu nusu, nusu nyingine imebaki kwenye simu. Wewe binti uliyekaa karibu na kinu, toa waya masikioni. Nimekupita pale njiani leo jioni, macho yetu yamekutana, ukageuza shingo kama umeona kuku. Nimekasirika, na sifichi. Basi hadithi ya leo ni yako. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kiberiti hakijulikani bado, katika kijiji cha Mtimbwani aliishi bibi mmoja aliyeitwa Siwema. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na kivuli tu. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na moto wake haukuzimika. Masika ikianza, kuni zikalowa, meko yote ya Mtimbwani yalizimika isipokuwa la Bibi Siwema. Alikuwa na gogo la mkwaju lililolala jikoni likiungua polepole, naye alikaa kando yake akilichochea.

Kwa hiyo kijiji kizima kilikuja kuomba moto kwake. Na kuomba moto kulikuwa na adabu yake. Unasimama nje, unaita hodi mara tatu. Bibi anauliza, "Nani?" Unajitaja. Anakukaribisha. Unaingia, unasema shikamoo, anaitika marahaba, anakuuliza habari za nyumbani, ndipo unatia kaa kwenye kigae chako na kushukuru. Maneno yenyewe hayafiki kumi. Hayajawahi kumvunja mtu taya.

Mwaka huo binti yake Bibi Siwema alimwachisha ziwa mwanawe wa mwisho, Kombo, na kama desturi ya pale, mtoto aliyeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake. Mama akamkabidhi, akamwachia na mbuzi wa maziwa, kisha akavuka mto kwenda kulima mpunga. Kabla ya kuondoka alisema, "Mama, nakuachia Kombo. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," Bibi akasema.

Kombo alikuwa na dada yake, Asumini, msichana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa ametoka unyagoni mwaka huo, akilala na wenzake kwa shangazi yake. Yeye na vijana wa rika lake, Sefu na Mkadamu, walikuwa na jambo lao jipya. Walisema kuamkia ni kazi ya watoto. Wao wamekua bwana, wakubwa hawapigi hodi.

Basi wakaja kuchukua moto hivi. Jamvi la mlangoni linasukumwa. Bibi anauliza, "Nani?"

Kimya.

"Nani huyo?"

Kimya.

"Jamani, nani aliyeingia nyumbani kwangu?"

Kimya, kisha kaa linalia kwenye kigae, halafu miguu inatoka.

Leo hivyo, kesho hivyo, kesho kutwa hivyo. Bibi Siwema alikuwa amewapokea wote watatu walipozaliwa, amewakata vitovu kwa mkono wake. Sasa wanamruka kama jiwe la jiko! Akachukua fimbo yake, akapapasa njia mpaka kwa baba yake Sefu.

"Mwanao anaingia kwangu kimya kama mwizi," akamwambia.

Baba yake Sefu akacheka. "Ah, bibi, ndio vijana wa sasa hao. Hiyo shikamoo ukishaipata unaisonga ugali?"

"Ugali wako unasongwa kwa moto wangu! Ninachotaka ni kujua nani amesimama karibu na mjukuu wangu. Sioni, baba. Nasikia tu."

"Nitasema naye," akajibu yule bwana. Hakusema naye. Mzazi wa namna hiyo mnamjua, wengine mnaye nyumbani.

Sasa, chini ya kichaka cha mchongoma, palikuwa na mtu anayetazama yote haya. Fisi. Alikuwa amejikunyata kwenye mvua, anaona Sefu anaingia kimya, anatoka na moto. Mkadamu anaingia kimya, anatoka na moto. Asumini anaingia kimya, anatoka na moto. Akakimbia kwa mkewe.

"Mke wangu, umesikia maajabu? Nyumba ya yule bibi haina hodi tena!"

"Acha uongo," mkewe akasema. "Babu yako alipiga hodi pale, akaulizwa nani, alipofungua mdomo sauti yake ikamsaliti, wakamponda. Baba yako vilevile. Neno hilo moja limetumaliza ukoo mzima."

"Ndiyo nakwambia sasa, halipo! Wanaingia kimya, wanatoka kimya. Mimi na mwana wa watu tuna tofauti gani pale mlangoni?"

Siku ya kwanza akasukuma jamvi, akaingia. "Nani?" Bibi akauliza. Kimya. Akauliza mara ya pili, kimya. Akauliza mara ya tatu, kimya. Fisi akaangua samaki nguru mkavu aliyening'inia juu ya jiko, akatoka naye.

Mtasema fisi ana miguu minne, mbona Bibi hakusikia? Mvua ya masika juu ya makuti, wewe ungesikia nini? Na harufu je? Vijana wale walikuwa wamecheza ngoma wiki nzima bila kuoga. Msinicheke, nina hasira.

Siku ya pili Fisi akarudi. "Nani?" Kimya. "Nani huyo?" Kimya. "Nani, jamani?" Kimya, halafu kamba ya mbuzi ikakatika. Bibi akadhani kijana mmoja ameona nyumba inavuja, anamhamisha mbuzi asilowe. Akafurahi, maskini. Akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akupe."

Kesho yake jirani mmoja, Mama Rukia, akaja mbio, akapiga hodi akiwa bado mbali. "Bibi, mifupa ya mbuzi wako iko chini ya mchongoma. Na nyayo zinatoka mlangoni kwako. Ni za fisi."

Bibi Siwema alikaa chini. Fisi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mkeka wa Kombo, na yeye amemwombea dua! Alimchukua mtoto akamfunga mgongoni, akatoka mpaka katikati ya kijiji, mvua inampiga, akapaza sauti.

"Sikieni, watu wa Mtimbwani! Fisi anaingia kwangu kwa sababu watoto wenu wamemfundisha kuingia. Kuanzia leo nitauliza mara tatu. Asiyejibu, nitampiga kwa kijinga cha moto, awe mnyama, awe mwana wa mtu!"

Sefu akamkonyeza Mkadamu. Asumini akabinua mdomo. Mambo ya bibi, wakasema.

Siku ya tatu, alasiri, wingu limeshuka mpaka nyumbani ni giza tupu. Kombo amelala kwenye mkeka. Bibi ameketi kando ya jiko, kijinga kinawaka mkononi. Jamvi likasukumwa.

"Nani?"

Kimya. Kivuli kikasogea.

"Nani huyo?"

Kimya. Kivuli kikasogea tena.

Bibi akainua mkono, na mkono ukaganda. Maana wale hawajibu, na miongoni mwa wale yumo Asumini, mjukuu wake wa kwanza. Akirusha, huenda anamuunguza uso mtoto wa binti yake. Asiporusha, huenda Kombo analiwa. Neno moja tu lingemtosha.

"Asumini," akasema, "kama ni wewe, niambie. Nakuomba, mwanangu. Sema hata mmh."

Mnasikia? Bibi mzima anaomba salamu kama anaomba maji!

Kimya. Kisha Kombo akapiga yowe.

Wakati huohuo Asumini alikuwa nje na kigae chake. Alikuwa amesikia Bibi akiuliza, akadhani ni yeye anayeulizwa, akanuna kama kawaida. Yowe la mdogo wake lilipotoka akalifunua jamvi, akamwona Fisi amemng'ata Kombo mkono, anamburuta.

Tangu masika ianze msichana huyu hakuwa amefungua kinywa ndani ya nyumba ile. Sasa kilifunguka chenyewe.

"Bibi! Fisi!"

"Wewe nani?"

"Mimi Asumini! Mimi niko mlangoni, bibi! Yeye yuko kushoto kwako, karibu na mtungi!"

Hapo ndipo Bibi Siwema alipojua. Anayesema ni wake, asiyesema si wake. Akakirusha kijinga kwa nguvu zake zote, kikampata Fisi kiunoni. Fisi akamtupa mtoto, akapita katikati ya miguu ya Asumini, akakimbia huku analia. Kiuno kile hakikunyooka tena, na wajukuu zake mpaka leo wanatembea wameshusha nyuma.

Bibi akamkuta Kombo kwa kupapasa. Akapapasa kichwa, akapapasa kifua, akapapasa mkono. Vidole vinne. Akapapasa tena. Vinne. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Asumini akaangusha kigae, akakimbilia kumkumbatia. "Bibi, nimemwona! Ningechelewa kidogo tu..."

"Toka nje," Bibi akasema.

"Bibi?"

"Toka nje uingie kama mtu."

Asumini akatoka. Akasimama mvuani, kanga imemganda mwilini, anasikia mdogo wake akilia ndani na bibi yake akimfunga kitambaa. Akasema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi, bibi."

Kimya. Na kimya kile kilimuuma, maana ndicho alichompa bibi yake siku zote zile, na sasa alijua kinavyokuwa ukiwa upande wa pili wa mlango.

"Hodi! Ni mimi Asumini. Nisamehe, bibi. Hodi!"

"Karibu, Asumini," Bibi Siwema akasema, na alikuwa analia. "Uje umshike mdogo wako."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Mpunga ulipovunwa mama akarudi, akamkuta Kombo kama alivyoahidiwa. Akamhesabu vidole, akauliza, na Asumini ndiye aliyejibu. Hakuna aliyemtuma.

Basi hadithi nimeitua hapo, iliyobaki bebeni wenyewe. Nakwenda kulala. Nami macho yangu siku hizi si mazuri sana, na kijinga ninacho. Kwa hiyo wewe binti wa karibu na kinu, kesho asubuhi ukija kuomba moto kwangu, nitauliza mara tatu.