Nani Amewasha Moto Kifuani mwa Ngiri?

Chungu kiko mekoni!
— Kipakuliwe!
Nipakue kwa mwiko gani?
— Kwa ulimi wako!
Na atakayeungua?
— Apulize!

Haya basi. Hapo kale, katika bonde moja lililoingiwa na njaa, wanyama walikuwa na chungu kimoja. Kila nyumba ilileta kitu. Nungunungu alileta mihogo. Kanga alileta karanga. Kobe alileta pilipili, kwa kuwa ndiyo iliyoota karibu naye. Nguchiro, mama wa watoto wanne, alipika.

Ngiri hakuleta kitu. Alileta meno yake mawili yaliyopinda, akasema yeye ni mlinzi wa chungu. Mlinzi alikula kwanza. Kilichobaki kilikuwa cha wenzake, na kilichobaki kilikuwa masizi.

Ngiri alikula hivi: kwabu! kwabu! kwabu! Hakutafuna. Alikunywa mchuzi, akalamba mafuta, kisha akaingia shimoni mwake kichwa mbele na kujitupa chali, puu! Shimo liliteremka, kwa hiyo kichwa kilikuwa chini na tumbo juu.

Jioni moja, alipojilaza tu, moto ukapanda. Chwaaa! Ulitoka tumboni, ukapita kifuani, ukafika kooni na maji machachu. Ngiri akainuka, akabeua, bweee! Akalala tena. Chwaaa!

Hakukifikiria chungu kizima kilichokuwa tumboni mwake. Aliwafikiria majirani. Kanga alimsalimu asubuhi bila kumtazama. Kobe alimtazama bila kumsalimu. Na Nguchiro alisema, "Shikamoo, Bwana Ngiri, leo umependeza." Tangu azaliwe, Ngiri hajawahi kupendeza. Huyo ndiye.

"Nguchiro!"

"Abee, Bwana."

"Umenitilia nini chunguni?"

"Mihogo na karanga."

"Na nini?"

"Pilipili ya Kobe."

"Na nini?"

"Basi."

"Hiyo basi ndiyo inayonitisha. Kifua kinawaka."

"Ah, hicho ni kiungulia, Bwana. Ukila kidogo tu..."

"Ehee! Nile kidogo, kingi ale nani?" Ngiri akapiga mguu chini. "Umenipa sumu. Nakupa siku saba. Siku ya nane moto huu ukiwa bado umo, hili jino la kushoto litaingia shingoni mwako."

Nguchiro akalitazama jino. Akawatazama wanawe, mbavu nje. Akashusha sauti.

"Bwana, sikutaka kukutisha. Ni sumu kweli."

"Nilijua!"

"Ila aliyeitia simjui. Unahitaji mwonjaji."

"Utaonja wewe, uliyepika!"

"Mimi? Bwana, nina watoto!"

"Na hao watoto nao waonje!"

Nguchiro akalia. Alilia vizuri sana.

Siku ya kwanza alichota kipande kidogo. "Nimeonja juu, Bwana. Lakini sumu hukaa chini."

"Onja mpaka katikati!"

Nguchiro na wanawe wakaonja mpaka katikati. Nyam, nyam, nyam, polepole.

"Mbona mnatafuna hivyo?" Ngiri akauliza.

"Uchungu wa sumu hutoka ukitafuna, Bwana. Anayemeza haujui."

Ngiri akatafuna. Kila tonge alilitilia shaka kabla ya kulimeza.

Siku ya pili akainamia chungu. "Nini hiki kinachong'aa?"

"Mafuta, Bwana."

"Chini ya mafuta mna nini?"

"Hamuonekani, Bwana."

"Yaondoe! Na huu wekundu?"

"Pilipili."

"Ndani ya wekundu mna nini?"

"Hamuonekani, Bwana."

"Iondoe!"

Kobe akachukua pilipili yake, akaenda zake amenuna.

Siku ya tatu Ngiri akaja na lake. "Kwa nini unapika jua likizama? Kiza kikiingia mikono yako siioni. Pika jua likiwa juu!"

Nguchiro akapika jua likiwa juu. Alipoona Ngiri amemaliza, akamwambia, "Sasa jilaze, Bwana. Pumzika."

Ngiri aliyekuwa anapiga magoti akasimama. "Kwa nini unataka nilale?"

Hakulala. Akalizunguka bonde lote, hatua kwa hatua, kuangalia nani anacheka. Akafanya hivyo kila siku baada ya kula.

Siku ya nne Nguchiro akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hivi Bwana akilala kichwa chini huko ndani, mlangoni hubaki nini?"

Ngiri akafikiri. Mlangoni yalibaki matako yake. Tangu hapo akaingia kinyumenyume, matako kwanza, kichwa juu, meno nje. Moto ulijaribu kupanda. Kilima kikaushinda.

Siku ya tano, chwaa. Siku ya sita, chwa. Siku ya saba, kimya.

Siku ya nane Ngiri aliamka, akasikiliza kifua chake. Kimya hicho hakukipenda. Akamwita Nguchiro.

"Moto umezimika."

"Hongera, Bwana."

"Hongera ya nini? Anayejua kuuzima ndiye aliyeuwasha."

Jino la kushoto likashuka, likagusa shingo. Watoto wanne wakakumbatiana. Nguchiro hakukimbia.

"Yawezekana, Bwana. Lakini ukiniua, kesho atapika nani? Waliobaki hawajui kupika, ila Kobe. Na Kobe umeikataa pilipili yake."

Ngiri akageuza macho. Kule kando ya jiwe, Kobe alikuwa bado amenuna.

Jino likainuka kidogo. Kisha likasita.

"Mbona watoto wako wamenenepa?"

Nguchiro akawatazama wanawe. Matumbo yalikuwa mviringo, manyoya yanang'aa. Akatikisa kichwa.

"Si unene huo, Bwana. Ni uvimbe. Ndiyo sumu yenyewe, imeanza kufanya kazi."

Ngiri akarudi nyuma hatua tatu. "Na chakula cha leo?"

"Bado hatujaonja."

"Onjeni!" akapiga kelele. "Onjeni mpaka robo tatu! Waite na Kanga na Nungunungu, waonje wote! Na huyo Kobe aonje mbele yangu, nimwone!"

Wakaonja wote. Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, na nguchiro hakai mbali naye. Kifua chake hakijawaka tena, naye hajamshukuru mtu.

Funzo lake ni hili, wanangu. Ngiri alipona kwa sababu hakumwamini yeyote. Basi nanyi msimwamini mtu, hasa anayewapikia. Na huyo anayewaambia mle kidogo na kulala kichwa juu, mfukuzeni.

Chungu nimekifunika, mwiko nimeulamba. Ila naona pale mmenificha sahani ya wali. Hebu ileteni hapa kwanza, niwaonjee.