Birika Tatu za Arobaini

Sogeeni, kaeni vizuri, na anayedhani anajua jibu ashike ulimi wake mpaka nimalize.

Mji wa Mzambarauni ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Sebuge alipiga picha. Ukiitazama, unadhani sura itakuamkia. Mwanaheri alisoma habari redioni. Akifungua kinywa, hata mwiko unasimama chunguni. Kilua alitunga nyimbo. Wimbo wake ukitoka asubuhi, jioni watoto wanauimba wakiruka kamba.

Siku moja mtu aliingia sokoni na panga, akaua watu. Jina lake silitaji ng'o, na mtaona kwa nini.

Sebuge akaleta sura ya muuaji huyo, ikajaa ukurasa mzima wa gazeti. Mwanaheri akasoma jina lake asubuhi, mchana na jioni. Kilua akamtungia wimbo wa kumkebehi, akamwita "Simba wa Soko". Kebehi ikasahaulika, simba akabaki. Na waliouawa? Hakuna aliyewataja. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mjini hapo aliishi fundi baiskeli ambaye watu walimwachia baiskeli bila hata salamu. Akaitazama picha, akasikiliza redio, akauimba wimbo. Mwezi haukuisha, naye akaingia sokoni na panga. Akamuua Mwanaidi, muuza vitumbua, binti pekee wa Bi Kidawa. Alipokamatwa aliuliza jambo moja tu: "Na mimi mtaniita nani?"

Sasa, kwao kuna desturi. Siku ya arobaini, mwenye lawama humnawisha mfiwa mikono kabla ya pilau. Mfiwa akiyapokea maji, amesamehe. Lakini hunawishwa na mtu mmoja tu.

Muuaji, yule fundi, yuko jela. Hata hivyo, siku hiyo zilikuja birika tatu.

"Mama, ni mimi," alisema Sebuge. "Asingeiona ile sura, asingemwonea wivu."

"Sura haina sauti," alisema Mwanaheri, machozi yakimtoka. "Nilisema kweli tupu, mama, ila niliisema mno."

Kilua akapiga magoti. "Mimi ndiye niliyempa jina la kutamanika. Nipokee mimi."

"Na mimi redio niliiongeza sauti," alisema Bi Kidawa. "Mwanangu alikuwa akiuimba wimbo huo huku anakaanga vitumbua."

Kisha akanyoosha mikono juu ya bakuli.

Wenzangu, mikono hiyo ingali inangoja, na pilau linapoa. Je, ungekuwa Bi Kidawa, ungepokea maji ya nani? Au wewe nawe ungekuja na birika?