Masikio ya Mpika Mawese

Waliosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walimaanisha kuwa kitu chenye thamani hakihitaji kupigiwa debe. Uledi, mpika mawese wa Rumonge, alilijua hilo kuhusu mafuta yake. Kuhusu nafsi yake hakulijua hata chembe.

Juma la uhuru wa Burundi, mwaka 1962, shuka jeupe lilitundikwa sokoni, ikaonyeshwa filamu ya katuni. Kibwana cha kuchorwa, chenye masikio mapana, kilikula peke yake na kulala peke yake, na kila kilipotoka nje upepo ulikibeba kwa masikio hayo.

"Uledi yuko mu sinema!" watu walipiga kelele, wakacheka hadi machozi.

Uledi, ambaye masikio yake yalikuwa mapana vilevile, naye alicheka, lakini moyoni aliumia. Alikuwa na miaka thelathini, na nyumba yake ilikuwa na kiti kimoja. Alikuwa ameazimia kumposa Mwavita, muuza maandazi aliyenunua mafuta kwake kila Jumatatu. Sasa, angethubutuje?

Kesho yake alinunua kofia ya sufu, akaishusha hadi ikafunika masikio. Juma zima alipita mbele ya mlango wa Mwavita asubuhi na jioni, kifua mbele, jasho likimtiririka. Mwavita alikanda unga wake tu. Hata kazini kofia haikuvuliwa.

Jumatatu Mwavita alichukua mafuta, akaenda zake. Jumanne alirudi, mkono umefungwa kitambaa.

"Bwana Uledi, mafuta yako iko na maji! Imeruka, imeniunguza. Miaka ine nanunua hapa, haijafanyaka hivi."

Uledi aliigusa kofia yake. Yeye hupika kwa kusikiliza: mawese yenye maji hutatarika, yakinyamaza, yameiva. Safari hii hakusikia kitu, akadhani yameiva.

"Ni hii kofia," alikiri kwa aibu. "Nilikuwa naficha masikio, usinicheke."

"Kumbe! Mimi nilifikiri masikio inakuuma. Toa hiyo kofia! Kutoka kwetu napita wapika mawese sita, nakuja hapa juu ya hayo masikio inayosikia mafuta vizuri. Na kule kupitapita kwako, nilizani umepoteza mbuzi."

Uledi alicheka, safari hii kwa moyo wote, akaitupa kofia motoni.

"Basi, Mwavita, wazee wangu waje kwenu?"

"Waje. Wewe kofia usivae tena."

Kabla mwaka haujaisha, kiti cha pili kilinunuliwa. Juma zima la kujitembeza halikumpatia Uledi chochote, ilhali masikio yake yalikuwa yakimposea mke kwa miaka minne. Hakika, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.